Aliyeshika Fimbo

Bango la kilele cha Uhuru linasema mita 5,895. Namba hiyo ilitokana na upimaji wa mwaka 1952, wa kulenga pembe kwa darubini kutoka mbali. Mwaka 1999 wataalamu wa Tanzania na Ujerumani walipanda na vipokezi vya GPS wakapata mita 5,892.55. Mwaka 2008 timu nyingine ikapata 5,890.79. Bango halijaguswa, na mtoto wa shule pale Moshi akijibu 5,895 anapewa vema yake.

Sasa, mlima haujapungua mita nne. Kilichobadilika ni namna ya kupima, na hasa swali la "kutoka wapi." Setilaiti haijui bahari iko wapi. Inachojua ni umbo la kihesabu, aina ya yai lililobonyezwa kidogo, na urefu wote inauhesabu juu ya yai hilo. Kwa upande wetu huku, usawa wa bahari ukiuchora hadi chini ya Kilimanjaro unapita zaidi ya mita 15 chini ya yai. Kwa hiyo kifaa peke yake kingekuambia kilele kina mita 5,875 hivi. Mpaka mhandisi afanye hesabu nyingine, ya uvutano wa dunia, ndipo anapata urefu wenye maana kwa binadamu.

Na kwa maji. Hili wazee wetu walilijua bila setilaiti. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayotoa maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha kilomita kadhaa hadi kwenye vihamba, ilichimbwa kwa kuyafuata maji yenyewe. Unachimba kidogo, unayaachia, unatazama. Yakigoma, umekosea. Hakuna kipimo kilicho mwaminifu kuliko hicho, kwa sababu maji hayana ndugu.

Mipaka ni habari nyingine. Maji hayawezi kukuonyesha mpaka. Wala setilaiti haiwezi, ingawa tunapenda kuamini inaweza. Setilaiti inakuambia nukta hii iko wapi duniani, basi. Kwamba nukta hii ndipo kwangu panapoishia na kwako panapoanzia, hilo lazima lisemwe na mtu.

Huku kwetu mtu alilisema kwa isale. Unakata tawi, unalichomeka, linaota, na majirani wote wanajua. Isale hilohilo ndilo unalompelekea mtu uliyemkosea, na kwa mila aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Mmea mmoja kwa kazi mbili: kutenganisha na kupatanisha.

Ila kitu kinachoota kirahisi huhamishwa kirahisi. Nilikuwa darasa la nne nilipomwona baba mdogo, alfajiri, akichomeka masale mapya hatua nne ndani ya kihamba cha mama mkubwa. Baba mkubwa alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akaacha mabinti watupu. Ya zamani aliyang'oa taratibu, moja moja, kwa miezi. Sikumwambia mtu. Mtoto ataanzia wapi?

Miaka ilipita. Barabara ya kijijini ikataka kupanuliwa, na kwa kuwa fidia inafuata mipaka, akaletwa mpimaji. Kijana mzuri, mstaarabu, aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja. Kituo chake alikisimika uwanja wa shule ya msingi, penye anga wazi, halafu akatembea na kipokezi juu ya fimbo ndefu kutoka kona hadi kona. Alihitaji msaidizi. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikaipata hiyo ya kushika fimbo.

Tulipofika kwenye masale ya baba mdogo kifaa kikagoma. Migomba na miti ya kivuli inaziba anga, mawimbi yanagonga majani, kipokezi kinashindwa kutulia. Inabidi kusubiri. Tukasimama pale kama robo saa, mimi nimeshika fimbo, kipovu cha maji kiko katikati ya duara lake.

"Mpaka ni huu?" mpimaji akauliza.

"Ndiyo huu," akasema baba mdogo. "Toka enzi za babu."

"Na wewe mama?"

Mama mkubwa alitazama chini. "Kama wanavyosema."

Nilikuwa na robo saa nzima ya kusema, nikaitumia kutazama kipovu. Kisha kifaa kikalia, nukta ikaingia, na usahihi wake ulikuwa sentimita mbili. Uongo wa hatua nne umepimwa kwa usahihi wa sentimita mbili!

Nimesikia wengi wakisema teknolojia haina kosa, wenye makosa ni watu. Nakubali nusu. Zamani uongo wa baba mdogo ulikuwa wa kwake. Ungeweza kubishiwa kwenye mbege, wazee wangeweza kukaa, mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kuufufua. Baada ya siku ile ukawa namba kwenye ramani yenye muhuri, iliyothibitishwa na vyombo vinavyozunguka kilomita 20,200 angani. Nani kijijini atabishana na anga? Kipimo kiliuosha uongo ule.

Mpimaji mwenyewe anajua namba zake zinasimama juu ya makubaliano. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS inatumia mwingine. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukaziingiza kwenye mwingine bila kuzigeuza, unaangukia mita 300 hivi pembeni. Kwa mlimani hizo ni nyumba kadhaa na pengine korongo. Ndiyo maana mpimaji makini huandika mfumo aliotumia, na huandika pia kosa linaloweza kuwepo. Lakini sijaona fomu yenye safu ya kosa la ushahidi: nani alionyesha, nani alinyamaza, nani alitazama chini.

Nilidhani hoja yangu imekamilika hapo, mpaka nilipomweleza binti wa mama mkubwa, Desemba iliyopita, sote tukiwa tumerudi nyumbani kwa Krismasi. Alicheka. Akasema wewe unalilia isale kwa sababu isale halijawahi kukunyang'anya kitu. Kwa mila yenu, dada yangu na mimi tungebaki wageni kwenye kihamba cha baba yetu. Sasa mama ana hati, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. "Afadhali nimepoteza hatua nne, lakini kwa mara ya mwisho. Hakuna atakayekuja alfajiri kusogeza setilaiti."

Sikuwa na jibu, na bado sina la kutosha. Ninachoona ni kwamba mashine isiyo na ukoo ilimlinda dhidi ya ukoo kwa yote yaliyobaki, na ikamwibia kwa kile kilichokwisha kuibiwa. Yote mawili ni kweli. Ila haliondoi la kwangu. Mpimaji hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilijua. Pale chini ya migomba palikuwa na chombo kimoja tu chenye taarifa sahihi, na kilikuwa kimeshika fimbo.

Siku mbili baadaye nilikata isale nikampelekea mama mkubwa. Alilipokea kwa mikono miwili, maana hakuna namna nyingine, akaniuliza kama maneno haya nitayarudia mbele ya baraza la ardhi. Nikasema ndiyo. Tumepangiwa baada ya Pasaka. Baba mdogo ameshasikia, na hapokei simu zangu.