Kitu Kinachomshika Mchezaji

Wako wanaodhani ya kuwa dini imeharamisha kila mchezo. Sivyo. Imesimuliwa katika Hadithi ya kuwa Mtume Muhammad s.a.w. alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha r.a.; safari ya kwanza bibi akashinda, safari nyingine Mtume akashinda. Basi vijana wetu, kuanzia Mchuchuma hadi Makambako, wakiuliza, "Je, michezo ya simu ni haramu?" haifai kuwajibu kwa neno moja. Yapasa kwanza tufahamu ni kitu gani kinachomshika mchezaji.

Litazameni bao. Mashimo ni 32, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hakuna linalotegemea bahati. Kila kete unayonamua hukujibu papo hapo: umekula au hukula. Tena utamu hutoka kwa mpinzani aliye kiasi chako, kwani ukicheza na mtoto utasinzia, na ukicheza na fundi utakata tamaa. Wabunifu wa michezo ya kompyuta hufuata kanuni hizo hizo. Alexey Pajitnov alipobuni Tetris huko Moscow mwaka 1984, vipande vinavyoanguka na kasi inayopanda vilitosha kuwakesha watu. Hapo mimi sioni haramu. (Na anayepitwa na Sala kwa sababu ya bao asililaumu bao.)

Lakini iko kamba nyingine. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha ya kuwa njiwa anayepewa chakula baada ya kudonoa mara zisizotabirika hudonoa bila kuchoka. Mashine za kamari hufanya kazi kwa siri hiyo, na sasa siri hiyo imeingia simuni: kijana hulipia kisanduku asichojua kilichomo. Mwaka 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji iliamua kuwa visanduku vya namna hiyo katika michezo kadhaa ni kamari. Nayo Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, yaeleza sababu ya kukatazwa kamari: huleta uadui na chuki, na humzuia mtu asimkumbuke Mwenyezi Mungu wala asisali.

Kwa hiyo, kabla hujamnyang'anya mwanao simu, keti naye akuonyeshe mchezo wake. Je, anashinda kwa kuwa amejifunza, au anangoja bahati aliyoilipia? Ikiwa ni hilo la pili, ufuteni pamoja siku hiyo hiyo, kisha mtafutie ubao wa bao, nawe uwe mpinzani wake.