Fedha Iendako

Mathayo 27:6

Yuda alipovitupa vipande vya fedha hekaluni, wakuu wa makuhani waliona si haki kuvichanganya na hazina ya Mungu, maana vilikwisha kununua damu. Hapo hawakukosa. Lakini vipande vile thelathini vilitoka mikononi mwao wenyewe! Waliviangalia vikirudi, hawakuviangalia vikienda.

Sisi tukaao Unguja twalijua jambo hili. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Si wote waliofaidika nalo walioshika mnyororo. Wengine waliketi barazani mjini, wakaukopesha msafara nguo na shanga, wakangoja faida. Mikono yao haikuwa na alama ya kamba. Lakini mali yao ilikwenda bara, ikaifanya kazi ile.

Basi tuwakumbuke wanafunzi wa Marekani. Vyuo vikuu vyao vilikuwa na hisa katika kampuni zilizofanya biashara Afrika ya Kusini, nchi ambayo wakati ule iliwatenga watu kwa rangi. Aprili 1985 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, waliketi mlangoni pa jengo la Hamilton muda wa majuma matatu, wakitaka hisa zile ziuzwe. Wako waliosema kwamba kampuni zikiondoka, wafanyakazi weusi ndio watakaoumia. Neno hili ni zito, tusilidharau. Lakini Askofu Desmond Tutu, naye ni mmoja wa walioonewa, aliuomba ulimwengu uibane nchi yake katika biashara. Kabla mwaka ule haujaisha, wakuu wa Columbia walikubali kuuza.

Nasi Walutheri tusiseme kwamba hayo ni ya wengine. Mwaka 1977 makanisa yetu ya ulimwengu yalikutana Dar es Salaam, yakatamka kwamba kuukataa ubaguzi ule ni jambo la imani yenyewe.

Enyi wazee wa kanisa na watunza hazina, tumezoea kuuliza sadaka imetoka wapi. Tuulize pia, ikiisha kutoka mikononi mwetu, yaenda kufanya kazi gani, na juu ya mgongo wa nani. Na kijana akituuliza swali hilo, tusimnyamazishe. Huenda analinda roho zetu. Bwana na atupe macho ya kuifuata fedha hata mwisho wa safari yake. Amina.