Tunda la Mbegu Lisiwe Makombo

Mtu atokaye Njombe kwenda Makambako wakati wa mavuno huziona nyanya zimekwisha kupangwa katika matenga kabla jua halijapanda. Hapo Makambako ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Tunduma, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Kwa hiyo kitu chema hakikosi mnunuzi. Nyanya kubwa, ngumu, zisizo na doa, hutangulia sokoni. Zile za kadiri hubaki jikoni. Zilizopasuka, na zilizotobolewa na yule mdudu aitwaye kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, hutupwa pembeni mwa bustani. Na kutoka katika hizo za mwisho, aghalabu, ndimo mtu anamotafuta mbegu ya majira yajayo. Kisha miche ikitoka dhaifu, hulaumu udongo.

Huenda msomaji akasema: “Hilo ni jambo la bwana shamba, mhariri ana haja gani nalo?” Walakini sisi twaona kwamba chini ya jambo hili dogo limelala swali la haki. Je, mtu atakayekula mwakani ana dai lolote juu ya kilicho bora leo? Au yampasa kupokea masalio tu, kwa kuwa hayupo sokoni kujitetea?

Wazee wetu walikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, mahindi ya mbegu yalichaguliwa kwanza, yakafungwa kwa maganda yake, yakaning'inizwa juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Kila mtu ndani ya nyumba aliyaona kila siku. Hata njaa ilipobisha hodi, mkono uliokwenda kuyafungua ulitetemeka, maana kila mmoja alijua kuwa kula yale ni kula mwaka ujao. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na desturi, na desturi ile ilikuwa dhamiri ya nyumba nzima.

Mbona basi nyanya haikupata heshima hiyo? Sababu moja, twadhani, ni kuwa nyanya ni mgeni. Asili yake ni nchi za Amerika. Wenyeji wa Mexico waliilima kabla Wahispania hawajaichukua kwenda Ulaya katika karne ya 16. Kwetu imepata majina na nafasi katika kila chungu, hata Zanzibar huitwa tungule, lakini katika bustani nyingi imekuja imeshikana mkono na fedha. Zao lililokuja na fedha huhesabiwa kwa fedha, na katika hesabu ya siku moja, tunda lililoachwa juu ya mti laonekana kuwa hasara.

Tusimhukumu mama aliye maskini. Anayo deni dukani, na mtoto anadai madaftari na sare. Tena matunda ya kwanza hukomaa pengine wakati bei ni nzuri, na hapo ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa. Kumwambia ayaache ni kumwomba jambo zito. Lakini tuupime uzito huo kwa haki. Tunda moja lililokomaa lina makumi ya mbegu, na mara nyingi zaidi ya mia. Matunda mawili au matatu yatosha bustani ya nyumbani. Basi sadaka anayoombwa si tenga zima, wala nusu yake. Kinachotupungukia mara nyingi si matunda. Ni kukumbuka mapema, kabla mchuuzi hajafika.

Na kazi yenyewe si ngumu. Usichague tunda peke yake. Chagua shina kwanza. Tunda kubwa kutoka katika shina gonjwa ni zawadi yenye hila, kwa maana yako maradhi yanayosafiri pamoja na mbegu. Tazama shina lililosimama imara katika baridi na ukungu wa Njombe huku mengine yakianguka. Hilo limekwisha kutahiniwa na mahali penu. Acha tunda liive kabisa juu yake. Kisha likate, ukamulie mbegu pamoja na maji yake katika kikombe, uache siku mbili au tatu. Penye baridi huenda ikazidi kidogo. Ule utelezi unaozizunguka mbegu utavunda na kuachana nazo. Mimina maji: mbegu nzima huzama, zilizo tupu huelea. Osha, anika kivulini juu ya sahani, si katika jua kali, na zikikauka sawasawa tia katika bahasha yenye jina na tarehe. Zikiwekwa mahali pakavu na pa baridi, zaweza kudumu miaka minne au zaidi. Wahenga husema akiba haiozi. Hapa twaona ajabu yake: tunda laoza, na katika kuoza huko akiba hutakata.

Yuko atakayeuliza: “Kwa nini nihangaike, hali madukani mbegu zipo?” Hatusemi kwamba kununua ni kosa. Mbegu chotara za madukani huzaa sana, na walioziunganisha walifanya kazi. Mfanya kazi astahili ujira wake. Ila mnunuzi na ajue anachonunua. Mwaka 1865 mtawa Mwagustino, Gregor Mendel, aliwasomea wataalamu wa mji wa Brno matokeo ya kazi yake juu ya njegere. Alionyesha kwamba mimea ya namna mbili ikichanganywa, watoto wa kwanza hufanana, lakini wajukuu hutawanyika, huyu akifuata upande huu na yule upande ule. Ndivyo ilivyo kwa nyanya chotara: mbegu utakayoikamua humo haitakurudishia tunda lile lile. Nyanya isiyo chotara, kama Tengeru 97, iliyotolewa kwa wakulima wetu mwaka 1997, mbegu yake humfuata mzazi, kwani ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe.

Kutokana na hayo hutoka wajibu wa pili, nao ni ukweli. Mtu ampaye jirani yake mbegu hampi punje tu, ampa ahadi. Jirani atalima, atatia samadi, atamwagilia miezi mitatu au minne kwa kuliamini neno lako. Ukijua kuwa umezikamua katika chotara, au katika shina lililonyauka, ukanyamaza, umemwibia jasho lake ingawa hukuchukua hata senti moja. Na atakaye kufanya biashara ya mbegu, amri ya nchi iko wazi: tangu Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mbegu za kuuzwa ni lazima zikaguliwe. Sheria hiyo humlinda mnunuzi. Zawadi ya jirani haina mlinzi ila dhamiri.

Basi, mbegu ni mali ya nani? Aliyeizalisha kwa elimu yake ana haki yake, nasi tusimdhulumu. Lakini hata yeye hakuanza na mkono mtupu. Kabla yake walikuwako wakulima wa Mexico tusiowajua majina, ambao mwaka baada ya mwaka waliyaacha matunda mema bila kuyala. Hawakutujua, wala hawakutuwia kitu tuwezacho kuwadai. Hata hivyo twala leo kwa sababu wao walijinyima. Hatuna njia ya kuwalipa waliotangulia. Deni la namna hiyo hulipwa kwa wale wanaofuata.

Kwa hiyo, baba na mama wa nyumba, majira haya kabla tenga la kwanza halijajaa, pitieni bustani pamoja na watoto. Chagueni shina moja lililo jema kuliko yote, mlifunge kitambaa chekundu, mwaambie watoto: “Hili haliuzwi, wala haliliwi.” Watauliza ni la nani. Waambieni ni la mwakani.