Bwawa lake, usingizi wa wengine

Tulikuwa tumekaa na vijana wa kambi kando ya Sebeya, karibu na pale inapoingia Kivu, tukiongea habari ya mafuriko ya Mei 2023. Usiku ule wa tarehe 2 kuamkia 3, mvua iliua watu zaidi ya 130 katika nchi hii, na hapa Rubavu Sebeya ilibomoa nyumba nyingi. Kijana mmoja akasema mvua haina mwenyewe, huwezi kuishitaki. Sawa. Nikawauliza: na maji yakiwa na mwenyewe?

Nikawaeleza ya Solai, Kenya, upande wa Nakuru. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la udongo kwenye shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa. Walikufa watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto wengi. Yule kijana hakuyumba: "Shamba lake, bwawa lake. Si yeye aliyeleta mvua."

Siidharau hoja hiyo. Wengi wetu tuliacha mashamba, tunajua uchungu wa kuambiwa chako si chako. Lakini kuna kisa kingine, cha zamani, cha Johnstown kule Marekani. Milimani juu ya mji ule klabu ya matajiri wa Pittsburgh, akina Andrew Carnegie, ilikuwa na bwawa la udongo na ziwa la starehe tu, mashua na kuvua samaki. Walipunguza kimo cha ukuta ili magari ya farasi yapite juu yake. Kwenye njia ya kutolea maji yanayozidi wakaweka wavu wa chuma, samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilizidi, wavu ukaziba kwa takataka, maji yakapanda juu ya ukuta. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mahakama haikuamuru klabu ilipe hata senti; eti ni kazi ya Mungu.

Mimi kinachonishika ni ule wavu. Kumbe kuna mtu alikaa akafikiria maji yanashuka wapi, akaona samaki wake peke yao. Ardhi ni yake, samaki ni wake, lakini hatari ya yale maji inabebwa na anayelala chini, tena bila kuulizwa. Kwa hiyo naona mwenye bwawa hana haki ya kunyamaza. Ukuta ukiwa na ufa, aseme. Walio chini wakitaka kupanda kuangalia, asiwafungie geti.

Mama mmoja aliyekuwa anafua akaingilia: "Na wao mbona walijenga chini ya maji?"

Mama, nani anachagua? Kibarua anajenga karibu na kazi. Mkimbizi anaonyeshwa tu: hema lako ni hapa. (Ninyi wa mashirika mnaosoma, mnajua nani anashika ramani.) Anayempanga mtu chini ya mteremko anadaiwa kama mwenye bwawa, hata kama hana tone la maji.

Yule kijana akanyamaza kidogo, halafu akauliza: ule mfereji wa juu ya mahema yetu, nani anausafisha? Sikuwa na jibu. Kesho yake tulipanda kuuangalia. Ulikuwa umejaa chupa na majani. Tulitoa magunia matatu, na hatukufika hata katikati.