Nani Atoaye Mhanga?

Polisi wa Uganda, ambao makao yao makuu sasa yapo Naguru, jijini Kampala, waliwahi kuwa na mkimbiaji John Akii-Bua. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena katika njia ya ndani kabisa, yenye kona kali.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia michezo ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Twaukubali mgomo ule; ulikuwa wa haki. Lakini kujitoa mhanga ni jambo la hiari. Serikali iliyotoa miguu ya askari wake ilitoa kitu gani kilicho chake? Edwin Moses alishinda, akaivunja rekodi. Akii-Bua hakuwapo uwanjani.