Mvalishe Pete Uani kwa Mama Yake!

Amka, ndugu yangu! Amka kabla hujatia saini, kabla hujatuma muamala, kabla hujamtangazia mtu mwingine kwamba shughuli ni ukumbini!

Ninalolisema unalijua. Umelijua tangu jioni ile mlipokaa wawili mkapiga hesabu ya ukumbi, ya mapambo, ya chakula, ya mshereheshaji, ya sare. Moyo ulishtuka. Ukanyamaza. Ukasema, "Mungu atasaidia," kisha ukaanza kutafuta pa kukopa.

Usimsingizie Mungu! Yeye hakukutuma ukumbini.

Kimebaki nini hasa? Barua ya posa imefika kwa mkono wa mshenga. Wazee wameifungua, wamemwuliza binti, binti amekubali. Kilichobaki ni familia mbili kuonana uso kwa uso, kula pamoja, na pete kuingia kidoleni. Jambo hilo linataka ua, mkeka na sufuria ya pilau. Nani aliyekushawishi uligeuze kuwa harusi kabla ya harusi?

Hesabu nami! Kuna posa, kuna pete, kuna mahari, kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna harusi yenyewe. Kila moja kamati yake, kadi zake, michango yake. Na watu ni walewale! Shangazi yako muuza vitumbua ameipokea kadi kwa mikono miwili, ametabasamu, amekuombea heri. Usiku anajiuliza ada ya mtoto yupi isubiri. Unalijua hilo, kwa sababu nawe umewahi kupokea kadi za wenzako ukajiuliza hivyohivyo.

Michango isipotimia utakwenda wapi? Sema! Utakwenda kwa kausha damu. Utaacha kadi ya benki, utaacha kadi ya pikipiki, utaacha hati ya kiwanja cha mama. Marejesho kila wiki, na wiki haikungoji upate!

Au utakopa simuni usiku, peke yako, pasipo shahidi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliwataja kwa orodha wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni, ikaonya watu. Ulisoma. Ulimtumia na rafiki yako asome. Na bado programu ya mmoja wao imo simuni mwako! Siku ukichelewa, wapo watakaofungua majina yote uliyohifadhi na kumwandikia kila mmoja kwamba wewe ni mdaiwa: baba mkwe atasoma, mchungaji atasoma, bosi atasoma. Walewale uliowaalika waje wakuone umependeza!

Lakini deni hulipwa, hata kwa machozi. Iko hatari kubwa kuliko deni, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Uchumba ni muda wa kuchunguzana. Ni muda wa kumwona mwenzako akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa hana hela. Sasa umemvalisha pete mbele ya watu 300, video imezunguka kila simu, mmeitwa mume na mke kabla ya wakati. Miezi 3 baadaye anakuinulia mkono. Utarudi nyuma kwa mdomo gani? Utawaambia nini waliochanga? Binti yangu, wapo walioingia ndoani wanatetemeka, wanajua wanachokiendea, na waliendelea kwa sababu moja tu: ukumbi ulishaona!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Sheria hiyohiyo inajua kuwa uchumba huvunjika: imempa aliyevunjiwa ahadi njia ya kudai fidia, na imeweka namna ya kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa isiyofungwa. Imekuachia njia ya kurudi. Wewe unaiziba kwa mapambo!

Geuka! Rudi nyumbani! Rudi leo!

Usiniambie nyumba ni ndogo. Shughuli ni ya watu 40, si ya mtaa mzima. Kodi turubai moja na viti vya plastiki. Mwarifu mjumbe, waarifu majirani, azima sufuria kubwa kwa mmoja wao. Atafurahi kuliko kupewa kadi!

Usiniambie hujui pa kuanzia. Kilo 1 ya mchele hushibisha watu 8 hivi. Kwa watu 40 chukua kilo 5, na nyama kilo 5. Nunua vitunguu, nyanya na ndimu za kachumbari, ndizi mbivu, ukwaju wa juisi. Shangazi atatwanga bizari nzima, iliki na mdalasini, maana hakuna shangazi anayekubali kukaa kitini huku mwingine anapika pilau ya mwanawe. Mwachie! Mwachie na mwiko, mwachie na sauti, mwachie na sifa zote. Wageni waje saa 9 alasiri, waondoke kabla giza halijashika. Hapo hukodi taa, hukodi jenereta, humlipi mlinzi.

Sare ya nini? Kila mtu avae nguo yake njema. Mpiga picha wa nini? Mpe simu mdogo wako mwenye mkono mtulivu. Mshereheshaji wa nini, na mshenga yupo? Huyu ndiye aliyebeba barua, akatolewa jasho kwa maswali, akasimama badala yako. Ukumbini anapewa dakika 2 katikati ya miziki miwili. Nyumbani anasema mpaka amalize!

Nyumbani bibi yupo. Bibi yule asiyeweza ngazi za ukumbi wa ghorofa ya pili, asiyesikia kitu mbele ya spika, mnayemwacha na mfanyakazi mkasema mtampelekea keki. Uani kwake atakaa mbele. Atamshika mchumba mkono, atamwuliza ukoo wake, atamtazama machoni. Jicho lile limeona ndoa nyingi. Mnataka kulikosa?

Nyumbani mambo ya wazee husemwa kwa nafasi: mkaja wa mama, kilemba cha baba, lini, kiasi gani, kwa masharti gani. Pwani watakunywa kahawa na halua, Kilimanjaro watapokezana kata ya mbege. Pale ndipo ukwe unapozaliwa. Ukumbini mama wa binti na mama wa kijana huketi meza mbili tofauti, hupungiana mikono, hurudi makwao wageni kama walivyokuja.

Mkristo, unaijua habari ya Kana. Divai ilipokwisha, mama mmoja aliona, akamwambia mwanawe, na aibu ikazuiwa. Muislamu, unaijua habari ya Abdurrahman bin Auf: alipooa, Mtume alimwambia afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Kondoo mmoja! Na hiyo ilikuwa ndoa, wala haikuwa pete!

Na wewe mama, na wewe baba, msijifiche nyuma ya watoto. Ni nani aliyesema "watu watasemaje"? Watu watasema. Watakula pilau yenu wakisema, watakula biriani ya ukumbi wakisema, kisha watalala. Deni litabaki kwa mtoto wako, ndani ya nyumba mpya, mezani pake kila jioni.

Unasema mmeshatoa advansi. Iombeni irudi! Wakikataa, iacheni. Heri kupoteza laki 3 leo kuliko kuongeza milioni 5 juu yake kwa kuona haya!

Unasema mtaongea wikiendi. Wikiendi iliyopita ulisema hivyohivyo, na kamati ikaongeza keki!

Simama. Mwambie mchumba wako usiku huu, kabla ya kulala, kwa maneno mepesi: tufanyie kwenu. Mpigie mshenga. Mpigie mwenye ukumbi. Andika kwenye kundi la kamati kwamba kamati imevunjwa, na kila aliyekwisha kuchanga arudishiwe fedha zake kesho asubuhi. Kisha mtume mdogo wako sokoni akaulize bei ya mchele!