Ardhi Iliyoponywa Hupimwa Chini
Luka 13:6–9



Katika mfano huu mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta matunda katika mtini wake, asione kitu. Hatusomi ya kuwa mti ule ulikauka, lakini yeye hakuja kuhesabu majani. Na mtunza shamba, alipouombea mti mwaka mmoja zaidi, hakuahidi kukaa akiutazama, bali kulima shinani na kutia samadi. Hapa twafundishwa mambo mawili: kupima kwa haki, na kungoja kwa kazi.

Mambo hayo yaonekana wazi mahali palipochimbwa. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1954 yalichimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, yakabaki machimbo mapana yasiyo na udongo. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu, mmojawapo mvinje. Mivinje ikasimama, ikapendeza macho. Hata hivyo majani yake yalianguka juu ya jiwe, yakakaa pasipo kuoza, wala udongo haukufanyika. Ndipo walipoletwa majongoo. Wakayala majani hayo, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Kijani cha juu kilitangulia; uzima wa chini ulifuata.

Kwa sababu hiyo wapimao ardhi ya namna hii hawatosheki na kuitazama toka barabarani. Huweka vigingi, na kila mwaka, majira yale yale, hurudi mahali pale pale. Huhesabu aina za mimea, huangalia ni sehemu gani iliyofunikwa na ni ipi iliyo wazi, tena hutafuta miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mti uliopandwa washuhudia kazi ya mpandaji. Mche uliojiotea washuhudia kwamba ardhi yenyewe imeanza kuzaa tena.

Nasi tukaao Lagangabilili tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Nchi yetu haikuchimbwa kama Bamburi, lakini ilivuliwa nguo: misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, malisho na kuni. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, Bariadi ikiwa bado katika mkoa ule, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa hektari 600 hivi. Baadaye zilipohesabiwa katika vijiji 172, zilionekana ngitili 18,607, zenye jumla ya hektari 78,122. Wengi hawakupanda kitu. Walizuia ng'ombe na shoka kwa majira, na visiki na mbegu zilizolala ardhini zikaitika.

Lakini ngitili iliyotunzwa miaka kumi yaweza kumalizwa kwa msimu mmoja wa mkaa. Atazamaye toka mbali huona kijani, akasema, "Imepona, na tuifungue." Mtunzaji mwenye hekima huingia ndani, akainama, akatafuta miche.

Ndivyo ilivyo toba. Mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka akimsalimu mbele ya kanisa, hilo ni jani, nalo ni jema. Bali tuulize kama amekirudisha kigingi mahali pake. Tena tusiwe wepesi wa kumkata aliye bado mkavu, maana hata mtini uliombewa mwaka. Yatupasa kumlimia shinani: tumtembelee, tumsaidie kazi yake, tusimwache peke yake siku ya majaribu.

Basi kila mmoja apime shamba lake chini, si juu. Na asiyeona mche mwaka huu asitupe jembe, kwa kuwa Mtunza shamba wetu angali akituombea. Amina.